Mistari ya Dirishani

…atauliza tena, najua, na mimi nitasema bado kidogo, Sista, kana kwamba kuna kitu kinapikwa humu ndani, wakati amri nimeshaiandika kwenye kompyuta toka mwanzo hadi mwisho na kilichobaki ni kubonyeza enta tu, kidole kiko juu ya kitufe kimeganda, na kile kimstari mwishoni mwa amri kinapepesa, kinapepesa, kinanikonyeza, haya bibie, bonyeza basi... Nyuma yangu Mama Saa ameshika simu anagombana na watu wa bohari, "Sindano ndogo, nimesema ndogo, hizo mlizoleta ni za kuchomea ng'ombe!" na mimi namshukuru huyo mtu wa bohari asiyekubali kushindwa, abishe hivyo hivyo, Mungu ampe pumzi, maana akikata simu Mama Saa atageuka, atatazama ile saa aliyoining'iniza kifuani, ambayo ndiyo iliyompa jina, halafu atanitazama mimi. Muuguzi mkuu wa wodi nzima ya wanawake, na simu yake ameiweka chumbani kwangu kwa sababu ndipo ulipofika waya, chumba chenyewe ni kabati lililopata bahati ya kupewa kiti, ukuta wa upande huu ni ubao mwembamba na ng'ambo ya ubao ni vitanda, mtu akikohoa kule mimi huku nasema pole. Na ng'ambo ya ubao huu huu, kitanda cha mwisho, dirishani, amelala shangazi yangu, na amri iliyo mbele yangu inasema mtambo usiwaonyeshe tena wauguzi kengele yake.

Nimeiandika mimi, kwa vidole hivi alivyokuwa anavikata kucha kila Jumapili... basi, tulia, usianze. Mama Saa si mbaya. Alikuja asubuhi akasimama hapo mlangoni, hakupiga kelele, na huyo akisema polepole ndiyo ujue maji yamefika shingoni, akasema, "Fundi, leo nakuomba kama ninavyomwomba Mungu, niondolee dirishani kwenye skrini," na mimi nikajifanya sielewi, nikauliza dirisha gani, akasema, "Usinifanyie mchezo mwanangu, shangazi yako anatumaliza, anabonyeza asubuhi, anabonyeza mchana, muuguzi anakimbia, akifika bibi anamtazama, anageuza uso, hataki maji, hataki kugeuzwa, hataki chochote, muuguzi anazima kengele, hajafika mezani, imelia tena," halafu akanieleza habari ya mama wa kitanda cha katikati, yule aliyefanyiwa upasuaji juzi, kwamba leo alfajiri wauguzi walipokuwa wanabadilishana zamu... hapana, ilikuwa baada ya hapo, mimi nilikuwa nimeshafika, kwamba alibonyeza kengele kwa maumivu, na mstari wake ukatokea kwenye skrini, na mistari ya dirishani ikaja chini yake, ikamsukuma juu, ikamsukuma mpaka akatoka kwenye skrini, na walipokwenda kumkuta alikuwa anauma shuka. Anauma shuka! "Angekuwa shangazi yako je?" akaniuliza, na kweli, mama wa watu kakosa nini. "Hatumtupi bibi," akasema, "tutampitia kila mara kumtazama, ila kengele yake isituzibe macho." Na ana haki. Ndiyo maana inauma, kama angekuwa hana haki ningeshamtolea maneno mpaka saa yake isimame.

Maana mtambo wenyewe ni wangu, niliufunga mimi, kila kitanda kina kitufe kwenye kamba, mgonjwa akibonyeza, kengele inalia na mstari unatokea kwenye skrini ya wauguzi, kitanda fulani kinaita, muuguzi akifika anaizima, mstari mwingine unatokea, imezimwa na muuguzi, basi. Vitanda sikuvipa namba, niliwasikiliza wenyewe wanavyosema, nenda mlangoni, nenda katikati, nenda dirishani, nikaandika hivyo hivyo, wakafurahi kama nimewaletea mbuzi. Lakini nyuma ya skrini yao kuna logi, lile faili ambamo mtambo unaandika kila kitu unachofanya, na logi ndugu yangu haina haya, inaongea kuliko mimi, na mimi ndiye niliyeitwa Chiriku toka utotoni kwa kuongea, mlango ukifunguliwa inaandika, mlango ukifungwa inaandika, na kibaya zaidi lile sanduku kubwa la mtambo linazunguka vitanda vyote mchana kutwa linauliza kila kitufe, upo? na kitufe kinajibu, nipo, upo? nipo, upo? nipo, ili kikikatika waya ijulikane. Ukimwonyesha muuguzi hayo yote atatoka mbio arudi kwao. Ndiyo kazi ya grep, amri ndogo hiyo, jina lake kama mtu anayetafuna kitu kigumu, unaipa neno inakuokotea mistari yote yenye hilo neno, na ukiitilia kistari na herufi v inageuka, inakuwa kinyume chake, mistari yenye hilo neno inaitupa na kukuachia mingine yote, herufi moja tu inayotenganisha kuokota na kutupa. Nikaweka, tupa upo, tupa nipo, tupa mlango. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, si ndivyo wanavyosema? Basi hizo za mlango nusura zinikoseshe kazi, maana niliandika mlango, na grep haina akili ya kuniuliza una maana gani, ikatupa kila kilichoanza na mlango, ikatupa na kitanda cha mlangoni pamoja na mgonjwa wake, mwalimu mstaafu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alibonyeza weee, mwisho akashika kile chuma cha kutundikia dripu akaburuta nacho mpaka meza ya wauguzi, akasema, "Nimekuja mwenyewe, maana naona kengele yenu imeninunia." Mama Saa alicheka mpaka saa ikaruka kifuani. Mimi sikucheka, nilijifunza, chujio halikwambii limemwaga nini, unaona tu kilichobaki unasema ah, kisafi. Toka siku hiyo situpi kitu kabla sijakitazama, kila amri yenye v naiendesha kwanza bila v, niione kwa macho yangu hiyo mistari ninayotaka kuifukuza.

Ndicho nilichofanya leo, kwa mazoea tu, wala si kwa huruma. Kushoto mwa skrini yangu kuna amri inayosubiri, grep, kistari, v, dirishani, na kulia nimeendesha ile nyingine isiyo na v, imeniletea mistari ya dirishani mitupu, yote, toka siku aliyolazwa mpaka leo, na bado inasubiri mipya... "Nani kasema? Mpe simu huyo aliyesema!" Mama Saa huyo, endelea mama, endelea, nipe muda kidogo... Imepangana, dirishani inaita, imezimwa na muuguzi, dirishani inaita, imezimwa na muuguzi, nilikuwa naiteremsha tu haraka haraka kama mtu anayepita msibani asikomjua mtu, nikasema haya nimeona, bonyeza, na kidole kikaenda kwenye enta, halafu jicho likakamatwa na kitu, kwamba usiku hamna. Hamna kabisa. Mtu anayechezea kengele kwa kuchanganyikiwa, kama wanavyosema, usiku angeiacha? Usiku ndiyo wenye kuchanganyikiwa wanapoanza. Inaanza asubuhi, na si asubuhi ya uji wala asubuhi ya daktari, inaanza baadaye kidogo, wakati... wakati ninaofika mimi, ninapopita kwenye korido kumpigia kelele mzee wa usafi, "Shikamoo babu, sakafu hii unataka tujitazame?" na yeye anasema, "Marahaba, kanyaga pembeni wewe!" kila siku, na kila siku muda si mrefu baada ya hapo, dirishani inaita.

Subiri. Subiri kwanza. Siku ile fundi wa printa alipokuja na kuniambia mashine haina tatizo tatizo ni mimi, na mimi nikamjibu, nikamjibu vizuri tu mpaka korido nzima ikajua ukoo wake, siku hiyo mistari imebanana kama mahindi kwenye gunzi. Na siku niliyokwenda jengo la pili kufunga nyaya, kimya toka nilipotoka mpaka niliporudi. Na ile siku niliyokuwa na homa sikuja kabisa, tupu, siku nzima hakuna mstari hata mmoja, na nakumbuka kesho yake wauguzi waliniambia kwa furaha, "Jana bibi alitulia, dawa imemkubali," na mimi nikasema alhamdulillahi, nikasema hivyo kwa mdomo huu, ametulia. Hakutulia. Hakunisikia. Ukuta wa ubao, mtu akikohoa kule mimi huku nasema pole, kwa nini sikuwahi kufikiri kwamba na kule wanasikia huku? Ananisikia. Shangazi ananisikia nikiongea ndipo anabonyeza, na anakuja muuguzi, viatu vyeupe, sura nzuri, bibi unataka nini, na yeye anageuza uso kwa sababu hakumwita muuguzi... ah, shangazi. Ah, shangazi yangu.

Ananiita mimi. Angekuwa na mdomo wake angesema Chirikuuu, kwa ile sauti iliyokuwa inatoka barazani inazunguka nyumba inanikuta huko nyuma nimefungua redio ya watu kuona anayeongea amekaa wapi, alikuwa anashona barazani kutwa, cherehani yake ikienda trrrr, trrrr, mimi nyuma ya nyumba na mambo yangu, halafu ghafla cherehani inanyamaza, "Chirikuuu!" "Abee, shangazi!" "Upo?" "Nipo!" "Haya, endelea," na cherehani inaanza tena, trrrr. Hakuwa ananituma. Hakuwa anataka maji wala mkasi wala nimtafutie uzi. Jirani alikuwa anamcheka, anamwambia mtoto wa marehemu kaka yako utamkausha koo kwa kumwitaita, hebu mwache, na yeye anamjibu bila kuinua macho, "Mtoto akinyamaza yuko kwenye sukari," wanacheka wote, lakini nisipoitika, siku nyingine nilikuwa nafanya makusudi nione, cherehani haikuanza, ilikaa kimya, na kile kimya kilikuwa kinanitisha kuliko fimbo, nikawa mwenyewe napiga kelele, "Nipo, shangazi, nipo!" kabla hajaita mara ya pili, ndipo trrrr. Upo, nipo. Mungu wangu. Upo, nipo, na mimi siku ninaandika mtambo huu nilijiona mjanja, nilisema ngoja niupe maneno yetu, sanduku liulize upo, kitufe kijibu nipo, nikadhani nimebuni, nikajisifu kwa watu, kumbe nilikuwa naandika baraza ya shangazi yangu neno kwa neno, halafu hayo ndiyo maneno ya kwanza kabisa niliyoyatupa, tupa upo, tupa nipo, takataka, hayana maana, hayana habari ndani yake. Na kweli hayana habari, hakuna jipya ndani yake, ila yakikatika ndipo unajua.

Na mimi nimefanya nini siku zote hizi, nakwenda saa ya chakula, namlisha, nampangusa pale mdomo ulipoanguka kwa kiharusi, daktari alisema anasikia, anaelewa, maneno ndiyo yamegoma kutoka, na mimi Chiriku, mimi ninayeongea hata na nyaya, nikikaa kando ya kile kitanda nakuwa bubu, leo joto, uji umepoa, basi, kwa sababu nikimtazama nasubiri aniite na haniiti, jina langu hilo hakuna mwingine duniani anayelitumia, na nilidhani limekufa siku aliyoangukia cherehani sindano ikiwa bado kwenye kitambaa. Naogopa, ndivyo ilivyo, naogopa lile jicho zima linavyonitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Halafu natoka, narudi huku kwenye kabati langu, na nikishafunga mlango tu mdomo unafunguka, namtania mzee wa usafi, nagombana na printa, na yeye kule amelala anasikiliza ukuta. Kidole chake kimoja ndicho kinachomtii, na hicho kimoja anakitumia kuniita siku nzima, na siku nzima siitiki, anabonyeza, siitiki, na cherehani haiwezi kuanza... na sasa naombwa nikate na hiyo kamba. Bonyeza enta na dirishani itaita na hakuna mahali popote duniani itakapoonekana, ataita mpaka achoke, na siku atakapoita kwa maumivu ya kweli itakuwa ile ile. Ataona mwenyewe kwamba hata wale wa viatu vyeupe hawaji tena. Atasema moyoni, haya, mtoto yuko kwenye sukari.

Hapana. Hapana bwana. Lakini mama wa katikati na shuka lake mdomoni, naye ni shangazi wa mtu, naye huyo, siwezi kumwambia Mama Saa acha hivi hivi kwa sababu mimi nalia, na silii, ni hii feni, inapuliza vumbi... fikiri, wewe si fundi? Dirishani isiwazibe wale, sawa, haki yao. Basi itoke kwao ije kwangu. Ije hapa, kwenye meza yangu, na kwenye simu yangu nikiwa nimetoka kidogo, nikiitika iishie hapo, nisipoitika upesi irudi kwao kama kengele nyingine yoyote, na jioni nikifunga mlango kuondoka mistari yake yote irudi kwao, usiku haiti ovyo, akiita usiku wajue ni kweli, wakimbie. Inawezekana. Kwao amri ibaki na v. Kwangu bila v, ile ile niliyoiendesha kwa mazoea, hiyo hapo kulia, ndiyo tayari. Na sitahamia pale kitandani kumkalia, hapendi, nikiwa na homa utotoni alikuwa anawafukuza waliokuja kukaa kunitazama, anasema mgonjwa si televisheni, nendeni mkafanye kazi, akiwataka atawaita. Hataki nikae. Anataka niitike.

"Hallo? Hallo? Usinikatie, we kijana," Mama Saa anasema, bado hawajaelewana, bado sindano ni za ng'ombe, na mimi nakiondoa kidole juu ya enta, nakirudisha nyuma polepole kama mtu anayempita mbwa aliyelala, na hapo hapo ng'ambo ya ubao, ti-ti, ti-ti, ti-ti, na kulia kwenye skrini mstari mpya unadondoka chini ya mingine yote, dirishani inaita, na nasikia viatu vya muuguzi vinaanza kule mezani, kwa uchovu, na mdomo wangu unafunguka kabla sijauruhusu, kwa sauti ile ya nyuma ya nyumba, sauti ya kuzunguka kona mbili, "Abee, shangazi!"

Mama Saa nyuma yangu ameshusha simu, nasikia hata mtu wa bohari anaita hallo hallo kwenye simu. Viatu vimesimama. Na mimi, kwa kuwa nimeshaharibu, naharibu kabisa, nauambia ubao, "Nipo, shangazi! Nipo hapa, nafanya kazi!" na sauti inakatika mwishoni, inakatika vibaya, na kengele bado, ti-ti, ti-ti, nimechelewa, pengine nimefikiri upuuzi tupu, pengine alitaka maji tu jamani... halafu inanyamaza. Hakuna mlio, hakuna viatu. Na kwenye skrini kuna mstari mmoja ambao sijawahi kuuona kwenye mistari yake yote hii, ule niliouandika siku ya kwanza na wauguzi wakaniambia unapoteza muda wako, hakuna mgonjwa atakayeutumia, dirishani, imezimwa kitandani. Imezimwa kitandani. Amebonyeza mara ya pili, mwenyewe, kwa kidole chake. Hakuna anachotaka. Haya, endelea.

"Fundi," Mama Saa ameziba simu kwa kiganja, sauti yake haina ile haraka ya saa ndani yake, "umemaliza?"

"Bado kidogo, Sista," nasema, kimstari kinapepesa pale pale kilipokuwa, sijabonyeza kitu, na masikio yangu, bila kuniuliza, yanasubiri cherehani ianze.